Inchaji na Moyo wa Kazi: Mwongozo Kamili wa Kujenga Uhusiano Unaowashika Wauguzi Wodini

Nilikuwa na miezi minne kazini nilipomchoma mgonjwa dawa isiyo yake. Ilikuwa wodi ya wanaume, zamu ya usiku, tuko wawili kwa vitanda 32, na wagonjwa wawili waliolala karibu karibu walikuwa na jina moja la kwanza. Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, iliyokuwa ya kitanda cha 9 nikaichoma kitanda cha 6. Nilitambua niliporudi mezani kusaini chati. Mwenzangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza tu, haitamdhuru." Nikakaa na neno hilo hadi alfajiri, nikienda kukitazama kitanda cha 6 kila baada ya dakika 10.

Inchaji wetu, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, alikuwa na desturi ya kufika nusu saa kabla ya ripoti ya kukabidhiana zamu. Nikamfuata mlangoni.

"Shikamoo sista. Nimekosea dawa."

Hakuweka hata mkoba chini. "Marahaba. Mgonjwa yukoje sasa?"

Nikamweleza: anapumua vizuri, hana vipele, presha yake iko sawa.

"Faili lake linasema ana mzio wa dawa yoyote?"

"Hapana, sista."

"Na wa kitanda cha 9 amepata dawa yake?"

"Nimempa saa 11."

"Daktari wa zamu anajua?"

"Hajui."

"Haya, twende tukamwambie pamoja. Halafu utaandika, nami nitasaini chini yako."

Siku hiyo hakuniuliza kwa nini nimekosea. Aliniuliza kesho yake, tukiwa wawili, chai iko mezani: "Wale wagonjwa wawili, wewe ungewapanga vipi?" Kabla wiki haijaisha mmoja wao alihamishiwa upande wa pili wa wodi, na tukaanza kuandika majina matatu kwenye trei za dawa badala ya moja. Nilifanya kazi chini ya mama yule miaka mitano. Nilikuja kuomba zamu za usiku mwenyewe pale wodi ilipoelemewa, na nikiulizwa kwa nini, jibu langu lilikuwa jina lake.

Leo mimi ni inchaji. Naandika haya kwa mainchaji wenzangu wa wodi, vituo vya afya na zahanati, na kwa muuguzi kijana aliye chini yao. Mwalimu mkuu, msimamizi wa hoteli au meneja wa duka naye ataona ya kwake humu, ingawa mifano yangu ni ya wodini nilikokulia. Ninachotaka kukisema ni kimoja: mkubwa wa kazi hawatii watu moyo kwa hotuba. Anawatia moyo kwa ratiba anayoibandika ukutani, kwa namna anavyosikiliza ripoti ya asubuhi, na kwa sentensi ya kwanza inayomtoka mtu anapomletea kosa.

Kabla ya kuanza: jua ari inaliwa na nini

Muuguzi ukimuuliza nini kinamvunja moyo, mara nyingi atataja mshahara. Ni kweli, na sitaki mtu atumie mwongozo huu kumwambia muuguzi aridhike na malipo yasiyomtosha. Ila kaa naye dakika 20 zaidi, utasikia mengine. Kuna utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro kwa wahudumu wa huduma za msingi za afya, ukachapishwa mwaka 2006. Pamoja na ugumu wa mazingira, wahudumu wale walilalamikia kukosa mrejesho juu ya kazi yao, kutoiona njia ya kupanda, na usimamizi usiowasaidia. Kwa lugha ya wodini: hakuna anayeniona.

Wanasaikolojia wawili waliofanya kazi pamoja Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wamelichambua jambo hili kwa miongo kadhaa. Wanasema mtu hujituma bila kusukumwa anapopata mambo matatu: nafasi ya kuamua kitu katika kazi yake, kujiona kazi anaiweza, na kujiona ana watu. Yapime hayo wodini. Nani anaamua kama muuguzi ana sauti juu ya siku yake ya mapumziko? Nani anamwambia kwamba kanula, ule mrija wa mshipani, aliyomwekea jana yule mtoto aliyeishiwa maji ilikuwa kazi safi? Nani anamfanya aone aibu au asione aibu mbele ya wenzake? Ni inchaji. Mshahara wa mtumishi unapangwa mbali, lakini haya matatu yanapangwa kwenye meza ya wauguzi kila siku, na hakuna kifungu cha bajeti kinachohitajika.

Hatua ya kwanza: tengeneza ratiba ambayo mtu anaweza kuikagua

Nimeiweka mwanzo kwa sababu ndiyo inayovunja watu wengi, na ndiyo inayorekebishika haraka kuliko zote. Inchaji akiwa na upendeleo, hautausikia mdomoni mwake, utausoma ukutani.

Weka daftari la maombi mezani kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 20 ya kila mwezi. Anayehitaji siku fulani ya mwezi ujao anaandika tarehe na sababu kwa maneno machache: kliniki ya mtoto, mtihani wa chuo, posa ya mdogo wake. Tarehe 22 weka rasimu mezani, iwe ya penseli, ikae siku 2 watu waitazame. Tarehe 25 bandika. Ratiba inayobandikwa tarehe 30 jioni inamwambia muuguzi kwamba maisha yake ya nyumbani si kitu, hata kama hukukusudia hivyo.

Sasa hesabu. Tuseme wodi ina wauguzi 10. Wewe inchaji uko zamu ya asubuhi. Mmoja ana mimba ya miezi 8. Wanabaki 8 wa kugawana usiku. Mwezi wa siku 30, watu 2 kila usiku, ni nafasi 60. Gawanya kwa 8 unapata 7 na nusu, maana yake 4 watafanya usiku mara 8 na 4 watafanya mara 7. Usiliache kichwani. Chora safu pembeni ya ratiba, uiite "deni la usiku", uandike nani amefanya 8 mwezi huu ili mwezi ujao afanye 7. Fanya vivyo hivyo kwa Jumapili, na kwa sikukuu weka ukurasa wake peke yake wa mwaka mzima: Idi, Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka. Aliyekesha Krismasi iliyopita asikeshe ya mwaka huu. Mwezi wa kwanza nilipoiweka safu hiyo wazi, manung'uniko juu ya ratiba yalipungua, na idadi ya usiku ilikuwa ile ile. Walichopata ni kujihakikishia kwa macho yao.

Yule mjamzito niliyemtoa kwenye hesabu si fadhila yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara, inakataza kumpanga mjamzito kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, katika miezi 2 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya mtoto. Ukimpa mtu haki yake ya kisheria huku unaguna kama vile umemkopesha, umeshaiharibu. Mwambie mapema, mbele ya wenzake: "Huyu usiku hayumo, sheria imemtoa," ili mwenzake asimwone mtegaji.

Waache wabadilishane zamu wao kwa wao. Masharti yangu ni mawili: wote wawili wasaini kwenye daftari, na kila usiku abaki angalau mmoja mwenye uzoefu. Hapo ndipo ile nafasi ya kuamua waliyoisema Deci na Ryan inapoingia wodini.

Nawe jipange. Mara moja kwa mwezi mimi hukesha, najiongeza kama mtu wa tatu. Nimejifunza mengi saa 9 za usiku ambayo asubuhi hayaonekani: kwamba taa ya korido imekufa, kwamba stoo ya glovu hufungwa na mtu anayeondoka na funguo, kwamba kuanzia saa 8 muuguzi hana hata pa kuegemea. Funguo tulizitatua siku hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu "watu wa inchaji". Tangu miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani George Graen na wenzake wameonyesha kwamba kiongozi hana uhusiano wa aina moja na watu wake wote: kuna anaowaamini na kuwapa kazi nzuri, na kuna wanaobaki nje wakitimiza wajibu tu. Hili hutokea hata kwa mtu mwema. Chukua karatasi uandike majina yote 9 ya watu wako, kando ya kila jina andika mara ya mwisho ulipomtuma semina, ulipomwachia wodi, au ulipomsikiliza bila haraka. Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza, majina 3 yalikosa chochote cha kuandikwa. Mmoja wao alikuwa na barua ya kuomba kuhama mfukoni.

Hatua ya pili: ripoti ya asubuhi

Waliokesha wamechoka, miguu imevimba, watoto wao wanasubiri nyumbani. Wakalishe. Simu yako iweke chini kifudifudi. Swali lako la kwanza liwe "Usiku ulikuwaje?" kabla ya "Kwa nini kitanda cha 12 hakijabadilishwa shuka?" Kama kuna la kukaripia, lisubiri, usilifanye mbele ya wanafunzi wala wagonjwa. Mgonjwa aliyemsikia sista wake akifokewa saa 1:30 atamkatalia sindano usiku unaofuata.

Halafu waache waende kwa wakati. Ripoti yangu haivuki saa 2 kamili. Lililobaki naenda kulisoma mwenyewe kwenye kitabu.

Hatua ya tatu: kosa likija, anza na mgonjwa

Rudi kwenye maneno ya inchaji wangu. Swali la kwanza lilihusu hali ya mgonjwa. La pili, hatari iliyopo. La tatu, yule mwingine aliyekoseshwa dawa. La nne, nani anajua. "Kwa nini" haikuwepo kabisa asubuhi ile, na ilipokuja kesho yake ilikuja na sura nyingine: wewe ungewapanga vipi? Mpangilio huu si upole tu. "Kwa nini" ikitangulia, mtu anaanza kujitetea, na anayejitetea anaficha vitu ambavyo mgonjwa anavihitaji.

Kuna ushahidi wa jambo hili ambao napenda kila inchaji aufahamu. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa wodini, akitarajia kwamba timu zenye uongozi na ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu bora zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipoingia kwa undani akakuta kwamba wodi hizo zilikuwa zinayasema makosa yao, wakati wodi za wakubwa wakali zilikuwa zinayafukia. Aliyachapisha hayo mwaka 1996, na kutoka hapo akajenga hoja yake juu ya usalama wa kusema: mtu kujua kwamba hatadhalilishwa akisema sijui, nimekosea, au sikubaliani.

Kwa vitendo, fanya hivi. Weka daftari la matukio lisilo na safu ya "aliyekosa". Safu ziwe tarehe, kilichotokea, mgonjwa alifanywa nini, na kitu gani tubadilishe. Andika la kwanza wewe mwenyewe, liwe kosa lako la kweli. La kwangu lilikuwa kusahau kuandika dripu niliyobadilisha, mwenzangu akataka kuongeza nyingine. Nililisoma mbele ya wote.

Kuna watu watauliza: basi kila mtu atakosea atakavyo? Hapana. Anayekosea kwa kuelemewa, kwa kutojua au kwa mpangilio mbovu, unamfundisha na kurekebisha mpangilio. Anayelala zamu huku mgonjwa anaita, anayeuza dawa ya wodi, anayemtukana au kumpiga kofi mama aliye kwenye uchungu, huyo ni wa barua na utaratibu wa nidhamu, bila kuzungukazunguka. Na hili ni la moyo wa kazi pia. Hakuna kinachomkatisha tamaa muuguzi mwema kama kumwona mwenzake anatesa wagonjwa na inchaji anatazama pembeni.

Hatua ya nne: dakika 10 za mtu mmoja

Kila mtu wako apate dakika 10 zake kwa mwezi. Kwa watu 9 ni wawili au watatu kwa wiki, nafasi inapatikana wakati wa chai ya saa 4. Usiite kikao, wala usimwite ofisini kwa sauti ya kumshtua. "Njoo tunywe chai" inatosha.

Uliza mambo matatu. Mwezi huu nini kimekuendea vizuri? Nini kinakukwamisha? Nikusaidie kitu gani kimoja? Kisha nyamaza. Ukimya wa mwanzo ni mzito, hasa kwa kijana aliyelelewa kutojibizana na mkubwa, nawe utatamani kuujaza kwa mawaidha. Usiujaze. Binti mmoja aliniambia mara tatu "Hakuna tatizo, sista," na mara ya nne, chai ikiwa imeshapoa, akasema anaogopa wodi ya watoto kwa sababu hajawahi kupata mshipa wa mtoto mchanga mbele ya mama yake. Tulipanga awe na mwenzake mzoefu kwa wiki 3. Mwezi wa pili alikuwa anaitwa yeye.

Ulichokubali, kiandike, na mkikutana tena anza nacho: "Ulisema mashine ya presha haishiki. Nimefuatilia, nimeambiwa inatoka wiki ijayo." Kumsikiliza mtu halafu ukasahau ni vibaya kuliko kutomwita kabisa.

Watumishi wa umma tumekuwa na tathmini rasmi, OPRAS zamani na PEPMIS sasa. Zina kazi yake, lakini kama mara ya kwanza muuguzi anasikia maoni yako ni siku ya kujaza mfumo, umechelewa. Zile dakika 10 ndizo zinazofanya alama za mfumo zisimshangaze mtu.

Hatua ya tano: sifu jambo, usisifu hewa

"Hongereni jamani, mmefanya kazi nzuri" haina madhara, na haina faida. Jaribu hivi: "Jana usiku ulimpima yule mama mara ya pili bila kuambiwa, ukakuta presha 160 kwa 110, ukamwita daktari na ukawa umeshaandaa magnesiamu. Kifafa cha mimba hakikumpata." Hapo umemwambia ulimwona, umemfundisha aliyesimama pembeni, na umetaja kitendo anachoweza kukirudia kesho.

Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunavaa tisheti, tunawasha mishumaa, tunakata keki. Ni siku yetu na naipenda. Haiwezi kubeba sifa za mwaka mzima.

Hatua ya sita: yasiyo mikononi mwako, yaseme wazi

Posho ya kuitwa kazini haijaingia miezi 3. Madai ya malimbikizo yamekaa. Daraja halijapanda. Inchaji halipi, na watu wanalijua hilo. Wanachokuvunjia heshima ni kukwepa. Kuna wanaoahidi ("nitahakikisha mwezi huu") na kuna wanaofoka ("mnawaza hela tu"). Vyote viwili vinaua imani.

Mimi huweka kipande cha karatasi kwenye ubao wa wodi, kina mistari kama hii: "Madai ya posho ya Machi: barua imepokelewa ofisi ya mganga mfawidhi tarehe 3. Nimefuatilia tarehe 10, jibu: inasubiri fedha. Nitafuatilia tena tarehe 17." Tarehe 17 naenda kweli, hata najua jibu litakuwa lile lile, na narudi kuandika. Mtu anavumilia kusubiri akijua kuna anayemsemea.

Na ukiwa ndani ya ofisi ya wakubwa, wasemee. Siku metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, alipotaka kupunguza wauguzi wangu wa usiku kutoka 2 hadi 1, nilienda na kitabu cha ripoti cha miezi 2, nikamwonyesha idadi ya wagonjwa waliopokelewa baada ya saa 6 usiku. Hakunipa vyote nilivyotaka, lakini wawili walibaki. Habari hizo hufika wodini zenyewe, huhitaji kuzitangaza.

Hatua ya saba, kwa muuguzi aliye chini: nawe una sehemu yako

Kijana wangu, uhusiano huu haujengwi na upande mmoja. Na kabla sijaendelea, tutenganishe vitu. Kuwa na uhusiano mzuri na mkubwa wako si kuwa chawa wake. Chawa anabeba mkoba na maneno ya wenzake. Wewe beba taarifa za kazi.

Peleka tatizo likiwa bichi. Ukichelewa kupata usafiri, piga simu saa 12:30, usisubiri saa 2 ukija na hadithi. Na ukiwa na tatizo la kazi, liambatanishe na pendekezo: "Sista, dawa za saa 12 jioni zinagongana na makabidhiano. Naomba tujaribu kuzianza saa 11:30 kwa wiki moja tuone." Inchaji mwenye kazi nyingi atakumbuka uliyekuja na njia.

Omba mrejesho kabla hujapewa, tena uombe kwa jambo dogo. "Nimekuwaje?" ni swali gumu kulijibu. "Vile nilivyomweleza ndugu wa marehemu jana, ningefanyaje vizuri zaidi?" linajibika.

Msome mkubwa wako. Wako wasiotaka kusemeshwa kabla ya ripoti kwisha. Wako wanaotaka maandishi, na wako wanaoona maandishi ni ugomvi. Kujua hayo ni adabu ya kazi.

Lawama usizipeleke kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Pale hujazungumza na inchaji, umemweka mbele ya watu, na hata akiwa mwema atajibu kama aliyewekwa mbele ya watu. Mwombe dakika 5 uso kwa uso. Tena mshukuru akifanya jema. Wakubwa nao ni binadamu, na wengi tunapita miezi bila kusikia "Asante sista, ile ofu ilinisaidia sana."

Mkubwa asiyeshikika

Wapo. Nimefanya kazi chini ya mmoja, wodi nyingine, miaka ya baadaye, aliyekuwa akisoma makosa ya watu kwa sauti mlangoni. Niliacha kuuliza maswali ndani ya mwezi mmoja, na nilikuwa muuguzi wa miaka 7.

Jaribu kwanza kuzungumza naye faraghani, kwa jambo moja lenye tarehe, si "wewe huwa unatuonea". Andika matukio kwenye daftari lako: siku gani, nini kilisemwa, nani alikuwepo. Isipobadilika, panda ngazi kwa mpangilio, metroni kisha mganga mfawidhi, ukiwa na maandishi hayo. Mwakilishi wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au wa TANNA, chama cha wauguzi, mahali pako anaweza kukusindikiza. Usione haya kumtafuta. Aliye hospitali binafsi, mgogoro ukifika pa kuachishwa au kunyimwa haki, mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na wakati unasubiri, tafuta mtu mmoja mzoefu nje ya wodi hiyo wa kukwambia ukweli juu ya kazi yako, usije ukaanza kuamini yanayosomwa mlangoni.

Utajuaje kama inafanya kazi

Usiulize "mna furaha?". Hesabu vitu. Karatasi za ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokuja kazini, zilizoletwa Jumatatu na baada ya sikukuu zimepungua au zimeongezeka? Wangapi wameomba kuhama mwaka huu? Katika ripoti ya asubuhi, wanaongea wangapi kati ya waliopo? Zamu ikikosa mtu ghafla, unapiga simu ngapi kabla mmoja hajakubali? Mimi nilikuwa napiga 6 au 7. Siku hizi ni 2.

Na daftari la matukio. Nilipoichukua wodi hii, miezi 3 ya mwanzo halikuwa na mstari hata mmoja zaidi ya ule wangu. Mwezi wa 4 yakaandikwa matukio 6. Metroni aliyaona kwenye taarifa ya mwezi, akaniita, akaniuliza wodi yangu imeharibika lini. Nilimpelekea daftari lenyewe, nikamfungulia ukurasa kwa ukurasa: chupa mbili zinazofanana zilizokuwa rafu moja, saa ya ukutani iliyokuwa nyuma dakika 15, mgonjwa aliyeteleza karibu na bafu, kila moja na kilichobadilishwa pembeni yake. Alisoma yote 6 akiwa amesimama. Kisha akaniomba nakala ya ukurasa wa zile chupa aupeleke wodi ya wanawake, maana na wao walikuwa wamezipanga vile vile.